Chaki ya Bluu Kwenye Meza ya Biliadi

Krrr! Ufunguo ulizunguka kitasani mara mbili. Kelinu akauchomoa, akautumbukiza kwenye mfuko wa shati lake, kisha akaegemeza mgongo wake mpana mlangoni.

Hapo ndipo tulipomwacha Wenzu wiki iliyopita, ndugu msomaji. Wewe umelala, umekula, umekwenda kazini ukarudi. Yeye mwenzako bado yuko palepale, orofani kwenye chumba cha biliadi cha klabu ya bendi. Ni Jumapili, saa tano na nusu asubuhi. Misa imekwisha. Huko chini kijiji kizima cha Hal Lewin kiko barabarani kinatundika mapambo ya sikukuu ya mtakatifu wake, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba juu ya vichwa vyao kuna mtu anapimwa afe au aishi.

Kama lile gazeti lilikupita, habari ni fupi. Jumatano jioni, Wenzu alikata njia ya mkato nyuma ya nyumba ya wakili. Akamwona Grezzju, yule ambaye kijiji kinamwita Nyundo, anainama mlangoni na mzigo mkononi. Wenzu akajibanza nyuma ya ukuta, kisha akatoka mbio. Hakufika mbali. Mlango wa wakili ulipasuka kwa kishindo cha bomu, na Pawla, mama wa watu aliyekuwa akifanya kazi za ndani mle, akafa na ndoo yake mkononi.

Wenzu hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Sajenti wa kijiji ni shemeji yake Grezzju. Hata mkewe, Ġiża, mwenye mimba ya miezi saba, hakumwambia. Na leo, misa ilipokwisha, Grezzju na mfuasi wake Kelinu wakampandisha hapa.

"Mbona unatetemeka, ndugu yangu?" Grezzju aliuliza kwa upole. Upole wake ndio uliokuwa ukitisha. "Unasikia baridi? Mwezi wa sita huu, kiangazi chenyewe!"

PAAA! Fataki ililia angani. Wenzu akaruka.

"Ni hizo fataki," alisema. "Zinanishtua."

"Fataki za sikukuu? Wewe umezaliwa nazo, umebatizwa nazo, leo ndiyo zinakushtua?" Grezzju alicheka. Kelinu naye akacheka kule mlangoni, kwa sababu Kelinu hucheka Grezzju anapocheka.

Asiyecheka alikuwa mzee Ċensu. Huyu ndiye mtunza meza wa klabu, miaka arobaini sasa, na ndiye baba wa ubatizo wa Ġiża. Alikuwa akipiga brashi kitambaa cha kijani, polepole, kana kwamba hayamhusu. Lakini brashi ilikuwa ikirudia palepale.

Grezzju alitia mkono mfukoni, akatoa kitu kidogo cha mraba, akakiweka kwenye ukingo wa meza.

"Hii ni nini?"

"Chaki," alijibu Wenzu.

"Ya kufanyia nini?"

"Ya kupaka ncha ya fimbo, isiteleze kwenye mpira."

"Rangi gani?"

"Bluu."

"Haya. Mzee Ċensu, klabu hii inanunua chaki ya rangi gani?"

"Kijani," alisema mzee bila kuinua kichwa. "Tangu enzi za marehemu baba yangu, kijani. Bluu inachafua kitambaa. Bluu ni ya zile baa za ufukweni, wanakocheza puli na watalii."

"Umesikia?" Grezzju alimsogelea Wenzu mpaka Wenzu akanusa kahawa kinywani mwake. "Hii nimeiokota nyuma ya ukuta wa wakili. Mwenyewe alikuwa pale Jumatano. Kaangusha, kakimbia. Na mimi nina hamu sana ya kumrudishia mali yake."

Sasa nikuambie jambo ambalo Ġiża mwenyewe halijui. Chaki ile ilikuwa ya Wenzu. Kila Jumatano, akimaliza kazi yake ya useremala, alivaa suruali yake ya kanisani akapanda basi mpaka ufukweni kucheza puli. Ġiża alikwisha kumkataza. Kwa hiyo alikwenda kwa siri, akarudi kwa njia za siri, na njia ya siri ndiyo iliyompitisha nyuma ya nyumba ile.

"Mimi nilikuwa hapa Jumatano," Wenzu alisema. "Nilishakwambia kwa kinyozi. Nilikuwa nacheza biliadi na mzee Ċensu."

"Ulisema. Na mzee naye kasema hivyohivyo. Eti mzee?"

"Nimesema," alijibu Ċensu.

"Basi sina shida na mtu. Nataka kuona tu. Mtu anayecheza biliadi na mzee Ċensu kila Jumatano, mkono wake unajulikana. Chagua fimbo."

Wenzu aliiendea rafu ya fimbo, akachukua ya kwanza iliyomjia mkononi. Alipogeuka akaiona meza, na roho ikamrudi kidogo. Mipira ilikuwa imepangwa: myekundu kumi na mitano kwenye pembetatu, na ile ya rangi kila mmoja mahali pake. Snuka! Hii alikuwa ameiona kwenye televisheni mara kibao. Unazamisha mwekundu, halafu wa rangi, wa rangi unarudishwa mezani, tena mwekundu. Meza ilikuwa kubwa ajabu, mara mbili ya zile za baa, na mashimo yalionekana membamba, lakini angalau alijua aanzie wapi.

Akainama. Akavuta fimbo nyuma.

"Unafanya nini?" aliuliza Grezzju.

"Naanza."

"Unaanza nini?"

Wenzu alibaki ameinama, fimbo ikiwa hewani. Jasho lilimtiririka hadi kwenye nyusi.

"Ulisema biliadi," Grezzju alisema taratibu. "Kwa kinyozi, mbele ya watu saba. Hukusema snuka."

Jamani, neno! Pale Hal Lewin kila mtu husema biliadi. Chumba ni cha biliadi, meza ni ya biliadi, ukicheza chochote chenye fimbo na mipira mkeo atawaambia majirani umekwenda biliadi. Wenzu alilisema neno lile kama anavyolisema kila mtu. Hakukumbuka kwamba kuna mchezo wenyewe, mchezo wa wazee, wenye jina hilo. Na kijiji kizima kilijua kwamba mzee Ċensu huo tu ndio anaoucheza. Snuka huiita kelele.

Grezzju alipitisha mkono wake mzima mezani, mipira ikabingirika na kuanguka mashimoni, du du du du. Akabakisha mmoja mwekundu na mmoja mweupe. Kisha akaokota kwenye sanduku mweupe wa pili, wenye nukta nyeusi, akauweka kando ya mwenzake.

Mipira mitatu. Meza ya futi kumi na mbili, na mipira mitatu tu! Wenzu aliitazama akaona giza. Bikira Maria, nifanye nini na hii?

Hapo mzee Ċensu akaanza kunung'unika.

"Vijana wa siku hizi wanadhani kila meza ni ileile," alisema, akiikung'uta brashi yake dirishani. "Wamekwenda huko ufukweni, kijimeza kama kitanda cha mtoto, unatumbukiza sarafu, mipira kumi na sita inamwagika, hii yako hii yangu, mweusi wa mwisho, kwisha habari. Huo ndio puli. Dakika kumi umemaliza, unakunywa bia. Halafu wamekuja na snuka yao, mipira ishirini na miwili, watu wanajificha nyuma ya mipira kama panya. Biliadi ni mitatu! Mitatu, na haiishi mezani. Kila mtu ana mweupe wake. Ukigonga kwa wako yote miwili, mbili. Ukizamisha mwekundu, tatu, nao unarudi pale juu. Ukipata, unaendelea. Na ukigonga mwekundu halafu wako wewe..."

"Mzee!"

Sauti ya Grezzju ilikata chumba. Brashi ikamtoka Ċensu mkononi.

"Unamfundisha nani?"

"Mimi? Nalalamika tu. Umri huu umebaki na nini?"

"Lalamika kimoyomoyo."

Ukigonga mwekundu halafu wako wewe... inakuwaje? Wenzu alibaki ameshika nusu ya sentensi. Alimwangalia mzee. Mzee akaangalia sakafu.

"Mpaka ishirini," alisema Grezzju, na akaanza yeye.

Alicheza vizuri, mshenzi yule. Fimbo ilitulia mkononi mwake kama vile si yeye aliyempeleka Pawla kaburini siku nne tu zilizopita. Akagonga yote miwili: mbili. Akazamisha mwekundu: tatu. Akarudia, akagonga tena, mpaka mzee akatangaza saba. Kisha akakosa, akanyoosha mkono. "Karibu."

Wenzu alisogea. Akainama nyuma ya mpira mweupe.

Kohoo! Ċensu alikohoa mpaka akainama.

Mweupe upi? Kwenye puli mweupe ni mmoja, unaupiga wewe, anaupiga mwenzako. Hapa ilikuwepo miwili, na Wenzu alikuwa amelenga ule mtupu, ambao Grezzju ameutumia sasa hivi! Alijifanya anaupima kwa jicho. Akazunguka meza bila haraka, akasimama nyuma ya ule wenye nukta.

Akapiga. Mkono wake, jamani, ulikuwa mkono wa mchezaji. Ufukweni walimwogopa. Ule wenye nukta uligonga mwekundu, ukapiga ukingo, ukarudi ukaugusa mweupe wa Grezzju.

"Mbili," alitangaza Ċensu, na sauti yake ilikuwa na furaha iliyozidi kidogo inavyofaa.

Grezzju aliinua nyusi. Kelinu akaacha kuegemea mlango, akasogea hatua moja kutazama.

Sasa Wenzu aliulenga mwekundu kwenye shimo la kona. Akapiga kwa nguvu. Mwekundu ukagonga mdomo wa shimo, ukatoka. Lakini wake, ule wa nukta, ukateleza pembeni, ukabingirika, ukabingirika... tumbwi! Ukazama katika shimo la katikati.

"Samahani!" Wenzu alipaza sauti. Akajishika kichwa, akarudi nyuma hatua mbili, akamwachia Grezzju meza.

Grezzju alimtazama yeye, si meza.

Ewe msomaji, kama unacheza puli unajua kwa nini alifanya vile. Ukizamisha mweupe wako umeharibu, unampa mwenzako nafasi. Hata usingizini angefanya hivyo. Ila kwenye biliadi, kugonga mwekundu halafu wako ukazama ni pointi tatu. Ni jambo linalotafutwa, wazee hulifanyia mazoezi miaka! Hiyo ndiyo ile nusu ya sentensi aliyonyimwa.

Grezzju aliilaza fimbo yake mezani.

"Samahani ya nini?" aliuliza.

Wenzu aliushika ukingo wa meza. Alimfikiria Ġiża akitoa makaroni jikoni, akikasirika kwa kuchelewa kwake. Alimfikiria mtoto ambaye hajamwona. Aliogopa, na sioni aibu kusema, aliogopa mpaka mkojo ukambana.

"Nimekuuliza, umepata tatu, unaniomba radhi ya nini? Unakimbia meza ya nini?"

"Tatu!" alitangaza Ċensu kwa sauti ya kazi, kama hakusikia. "Jumla tano. Endelea, Wenzu, usijifanye bwana harusi." Kisha akamgeukia Grezzju. "Nawe usimcheke. Nimemfunza hivyo mimi. Alilenga kuzamisha mwekundu, kazamisha wake, imekuwa ya bahati. Muungwana akipata ya bahati anaomba radhi. Wewe hufanyi hivyo kwa sababu hukulelewa na mimi."

Grezzju alimtazama mzee, kisha Wenzu, kisha mzee tena. Wenzu alihesabu fataki tatu angani.

Grezzju akatabasamu. Kisha tabasamu likawa kicheko cha kweli, cha tumboni.

"Kweli kabisa! Marehemu baba yangu alikuwa hivyohivyo. Akipata ya bahati anainua mkono kama padri. Haya endelea, muungwana, endelea!"

Wenzu aliendelea. Akakosa kwa makusudi, akakaa. Baadaye akazamisha mwekundu, akafika nane. Grezzju akacheza kwa raha, akaimba hata wimbo wa bendi, akamaliza ishirini. Kushinda kulimpendeza. Akampiga Wenzu bega kwa kofi lililomsogeza.

"Nimekutandika, lakini unacheza, bwana. Unacheza! Mzee, nisamehe, nilikuwa nawaza mabaya." Akaiokota ile chaki ya bluu, akairusha juu na kuidaka. "Itabidi niwatafute hao wa ufukweni mmoja mmoja. Kelinu, fungua mlango, mwenzetu anasubiriwa na makaroni."

Krrr. Ufunguo ukazunguka. Hewa ya ngazini ikaingia, na harufu ya vitumbua vya jibini kutoka baa ya chini. Wenzu alitaka kulia. Alikuwa hai! Angekula makaroni, angelala mchana, angemkumbatia Ġiża mpaka amuulize una nini wewe leo.

"Jumapili ijayo nataka tena," alisema Grezzju akivaa koti lake. "Baada ya misa. Weka zamu yako kabisa, usije ukakuta wengine wameshika meza."

"Sawa sawa," alisema Wenzu.

Mzee Ċensu alikuwa tayari ameugeukia ule ubao mweusi uliotundikwa karibu na mlango, ambako wanachama wote huandika majina yao ya kungojea meza. Alishika kipande cha chaki nyeupe. Akaandika W, akaandika E.

Na Wenzu, kichwa chake kikiwa nyumbani, roho yake ikiwa kwenye sahani ya makaroni, alitia mkono katika mfuko wa suruali yake ya kanisani, akatoa sarafu ya senti kumi, akaiweka juu ya ukingo wa meza.

Tak.

Aliifanya kama anavyoifanya kila Jumatano. Huko ufukweni ndivyo zamu inavyowekwa: unaweka sarafu kwenye ukingo, na kila mtu anajua mchezo ujao ni wako. Huko meza inakula sarafu. Hapa klabuni, tangu ijengwe, hakuna mtu aliyewahi kuweka sarafu kwenye meza ile.

Mzee Ċensu aliisikia ile tak. Chaki ilisimama kwenye herufi ya pili. Hakugeuka.

Wenzu naye akaiona sarafu. Akaiona kama si yeye aliyeiweka. Akanyoosha mkono kuichukua, lakini mkono wa Grezzju ulikuwa umeshafika.

Grezzju hakuichukua. Aliiinamia tu, akaitazama kwa makini, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kwenye uso wa sarafu ile, iliyokuwa mfuko mmoja na chaki siku ile ya Jumatano, kulikuwa na vumbi. Aliligusa kwa kidole, akakiinua kidole kwenye mwanga.

Bluu.

Taratibu akaiweka ile chaki kando ya sarafu, ubavu kwa ubavu.

"Zinafanana," alisema. "Eti Wenzu? Kama ndugu."

Wenzu alitazama mlango. Ulikuwa wazi, hatua sita. Kelinu alikuwa amesimama kando, bado hajaelewa. Hatua sita tu! Akajikaza. Akanyanyua mguu.

Ndipo zikasikika nyayo ngazini. Nyayo nzito, za mtu anayepanda akipumzika kila ngazi, mtu ambaye hajawahi kukanyaga orofa ile kwa sababu wanawake wa Hal Lewin hawaikanyagi.

"Wenzu!" iliita sauti ikihema. "Wenzu, we mwanamume! Nusu saa yako ndiyo hii? Makaroni yamekuwa mawe, na mimi na tumbo hili nipande kukutafuta?"

"Ġiża, rudi!" alitaka kupiga kelele, lakini kiganja cha Grezzju kilikuwa kimeshamziba mdomo.

"Kelinu," alisema Grezzju kwa upole uleule. "Mkaribishe shemeji ndani. Mpe kiti. Halafu funga mlango."